Kidevu cha Mzee Mutiso

Tangu apatwe na kiharusi, Mzee Mutiso hakuwa na nguvu katika mkono wa kulia. Kila asubuhi mwanawe, Nzioki, alimwogesha, akamvalisha, akamshikia kikombe cha chai. Mzee alikubali yote hayo na kusema asante. Kunyolewa tu ndiko alikokataa.

"Baba, ubatizo wa Kaluki umebaki wiki mbili," Nzioki alimwambia.

"Nendeni. Mimi nitabaki."

Kaluki alikuwa binti wa Nzioki, wa miezi minne. Alipewa jina la nyanya yake aliyefariki, ndiyo maana mzee alimwita "mke wangu."

"Watu watauliza uko wapi."

"Waambie sitaki mke wangu anione na uso huu."

Uso ule Nzioki alikuwa ameuharibu mwenyewe. Alimnyoa baba yake kwa wembe uliotumika, kwa maji baridi, akisukuma kutoka chini kwenda juu ili ndevu ziishe kabisa. Kidevu kilitoka damu, kisha kikajaa vipele. Mke wake, Syokau, hangeweza kumsaidia. Kwao Ukambani, mke wa mwana hamshiki baba mkwe uso.

Siku hiyo Nzioki alienda Thika kutafuta kisu cha kunyolea cha kukunja, kama cha vinyozi wa zamani. Alipotajiwa bei, alirudi nyumbani Gatongora mikono mitupu. Akapitia kwa Yusuf, kinyozi wa mtaa.

"Afadhali hukununua," Yusuf alisema. "Kile kinataka jiwe la kunoa na mkanda wa ngozi. Unataka kujifunza kunoa au kunyoa? Anza na hiki."

Akamwonyesha kisu cha kukunja kinachobeba nusu ya wembe wa kawaida.

"Bei yake haifiki ya kuku. Wembe uvunje katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Nusu ukishaitumia, itie kwenye mkebe. Usiirudishe usoni, wala usimpe mtu mwingine."

"Na vile vipele?"

"Ngoja vikauke kwanza. Ulinyoa kinyume, ndugu yangu. Pitisha vidole, usikie ndevu zinalalia wapi, halafu uzifuate. Anza na kitambaa cha maji moto, lakini ujaribu joto kwenye mkono wako. Ngozi ya mgonjwa huenda isisikie. Kisha povu jingi. Vuta ngozi, laza wembe, uinue mgongo wake kidogo tu, penseli iweze kupita chini. Usikandamize."

"Mkono ukitetemeka?"

Yusuf alicheka, akamchomolea pakiti ya baluni. "Nyoa hizi kwanza."

Jioni Nzioki alipuliza baluni, akaipaka povu, akaanza kuinyoa kwa kisu alichonunua kwa Yusuf. Pah!

"Umemuua mzee!" Syokau aliangua kicheko.

Pah!

"Baba Kaluki, huyo sasa ni wa pili!"

"Wacha kelele, unanitetemesha."

Mzee alikuwa akitazama kutoka kitini. "Mwambie anunue baluni zingine," alisema polepole. "Mimi niko mmoja."

Baluni ya sita haikupasuka, wala ya saba. Siku zilizofuata Nzioki alinyoa mashavu yake mwenyewe, mpaka mkono ukatulia.

Jumamosi ya kuamkia ubatizo, vipele vya mzee vilikuwa vimekauka. Nzioki alinawa mikono, akaweka wembe mpya. Akaanza kwa kitambaa cha maji moto, kisha povu, kisha vidole. Alinyoa kidogo kidogo, akisuuza wembe kila mara. Alipofika shingoni alisita. Mzee akainua kidevu mwenyewe.

"Endelea," alisema.

Mwishowe Nzioki alimnawisha kwa maji baridi. Mzee akapitisha mkono wa kushoto kidevuni, kisha akautazama. Haukuwa na damu.

"Syokau," aliita, "koti langu liko wapi?"

"Ni kesho, Baba."

"Najua. Lipige pasi."

Kesho yake kanisani, kasisi aliuliza nani ana neno la shukrani. Mzee Mutiso, Kaluki akiwa amelala mapajani pake, aliinua mkono.

"Namshukuru Mungu kwa mke wangu huyu," alisema, na watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Na kwa mkono wa mwanangu."