Kiti Kina Mtu

Injini ilikuwa imezimwa, kabini tupu, na fundi mwenyewe kasimama chini na kompyuta yake, waya umepita mlangoni. Kompyuta ikaandika: opereta yupo kitini.

"Yupo nani?" fundi akauliza, utadhani kompyuta ina mdomo wa kumjibu.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei. Wenzake gereji walimwita Dada Waya, nami nitamwita hivyo hivyo kwa sababu alilipenda jina lenyewe. Kazi yake ilikuwa mitambo mikubwa iliyotumika. Inateremshwa uwanjani na kutu yake na matope ya kwa watu, yeye anachomeka kompyuta, anasoma namba za hitilafu, anataja ugonjwa. Ukimwambia mtambo una mkosi, anakuuliza mkosi uko kwenye waya upi.

Mtambo wa safari hii ulikuwa ekskaveta, ule wa mkono mrefu na ndoo ya kuchimbia, na wa kuuendesha alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Jamaa alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi. Amekonda, hata utani umemwisha. Sasa kampuni ya barabara ilikuwa imempa nafasi, ila kwa sharti: mtambo uwe tayari Jumamosi, la sivyo wanachukua mtambo mwingine na mwendeshaji wake. Dada akikwama, na mdogo wake kakwama.

Namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu ilisema swichi ya kiti imebonyezwa muda mrefu mno bila kuachia. Swichi hiyo hukaa chini ya mto. Mtu akikaa inabonyea, akinyanyuka inaachia. Kazi ya dakika kumi! Akachomoa swichi, kompyuta ikasema kiti kitupu. Akafunga swichi mpya kutoka kwenye boksi: opereta yupo. Akaitoa, akaiweka sakafuni: kitupu. Akairudisha chini ya mto: yupo.

Akaketi kwenye ngazi ya mtambo, jasho linamtoka. Waya mzima, swichi nzima, kompyuta nzima. Kwa jinsi alivyofundishwa kazi, likabaki jambo moja tu, kwamba mto wa kiti unabonyezwa kweli.

Ilikuwa saa sita, jua la utosi, wenzake wamekwenda kula. Nyuma yake, ndani ya kabini, kiti, ambacho hubebwa na mfuko wa hewa chini yake, kikashusha pumzi, psssss, kama kinavyofanya mtu mzito anapojiweka sawa. Dada Waya akageuka, akaona mto umedidimia katikati na haurudi juu, na ile harufu ya dizeli aliyoizoea ikafunikwa na nyingine, ya jasho bichi la mtu aliyeshinda juani, naye badala ya kukimbia akanyoosha mkono, maana mazoea ya kazi ni maradhi, akaweka kiganja pale juu ya mto, akakuta hewa iliyokataa kupisha mkono wake, hewa yenye joto na unene, iliyopanda na kushuka taratibu kama tumbo la mtu anayepumua. Aliruka chini bila kukanyaga ngazi.

Jioni alimweleza mdogo wake, kwa sauti ya chini, wifi asisikie.

"Dada, usinitanie."

"Nimewahi kukutania kwa kazi, mimi?"

"Sasa... tutafanyaje?" Akageukia upande aliko mkewe. "Wifi yako ameshafua sare. Kila siku anaipiga pasi."

Jumanne wakamleta bibi mmoja mtabibu, mfupi, mkali, hapendi salamu ndefu. Alipanda hadi mlangoni mwa kabini, akanusa, akasoma visomo vyake muda mrefu, akanyunyiza maji, akateremka akijifuta mikono.

"Jini huyu hana shida na chuma," akasema. "Ni mpanda watu. Alikuwa juu ya mwendeshaji wa zamani, yule kafa, naye anangoja mwingine. Nimemfungia riziki. Siku saba asikae mtu hapo, atachoka, ataondoka mwenyewe."

"Siku saba, bibi? Jumamosi ndiyo—"

"Nimesema saba. Mkiwa na haraka, shauri yenu."

Jumatano kompyuta ikasema yupo. Alhamisi, yupo. Ijumaa asubuhi, baada ya mvua ya usiku, Dada Waya akachomeka waya, roho juu, na kompyuta ikaandika: kiti kitupu. Akatazama mto. Umeinuka, umejaa vizuri. Harufu ya dizeli tupu. Jamani, alilia! Akampigia mdogo wake, naye akaja mbio na sare yake.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Namba ikishafutwa, fundi hakabidhi mtambo bila jaribio: mtu akae, kompyuta iseme yupo, anyanyuke, iseme kitupu. Siku saba alizikumbuka, sana tu. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho, na kompyuta haikuwahi kumdanganya.

"Panda, mdogo wangu. Mara moja tu."

Akapanda, akakaa. Opereta yupo. Akanyanyuka. Kiti kitupu. Hakuna hitilafu hata moja. Mdogo wake akashuka anapiga vigelegele kama bibi harusi ni yeye, akapita pembeni kumpigia mkewe simu.

Dada Waya alikuwa anakunja waya alipotazama chini. Uwanja ulikuwa tope laini la mvua, na nyayo za mdogo wake za kwenda mtamboni zilikuwa nyepesi, nyayo za mtu aliyekonda, ila zile za kutoka mtamboni zilikuwa zimezama mpaka kifundoni, moja baada ya nyingine, zimejaa maji, nyayo za mtu aliyembeba mtu mzima mgongoni, na zilikwenda moja kwa moja mpaka pale aliposimama akizungumza, ameinama kidogo, mkono mmoja unasugua shingo, na ndipo Dada Waya alipoelewa kwamba kile kiti hakikuachwa, jini alisimama tu pembeni akampisha mgeni wake akae.

Alipiga mara tatu ndipo akampata bibi kwenye simu.

"Amekaa," akanong'ona. "Bibi, nilimwambia mimi. Nimemkalisha mimi."

Bibi akaanza kisomo, akakikatiza.

"Utamtoa? Niambie unaweza kumtoa."

"Mdogo wako anajua?"

"Bado. Anaongea na mkewe. Anacheka."

"Basi mwache acheke," bibi akasema, akakata simu.