Amazi Meza

Kila asubuhi kabla ya shule, Leonsia alipanga foleni kwenye bomba la kijiji, mdomo wake ukienda mbio kuliko maji. Mwaka ule wakimbizi walikuwa wamejaa Biharamulo, na foleni ilifika barabarani.

Clarisse, msichana wa Kirundi aliyekuwa mgeni darasani mwao, alichoka kusubiri. Akaonyesha bwawa lililokuwa chini ya mtambo wa kuchenjua dhahabu. "Amazi meza?"

Alikuwa anauliza kama ni maji mazuri. Leonsia alielewa, kwa kuwa Kihangaza cha bibi yake ni ndugu wa Kirundi. Alijua pia kwamba Bwana Afya amekataza maji na samaki wa pale kwa sababu ya zebaki, sumu inayotumika kuchenjulia dhahabu. Lakini wenzake walikuwa wanasikiliza, na utani ukamponyoka.

"Ndiyo, meza tu."

Wasichana wakacheka. Clarisse akacheka nao, akashukuru, akashuka bwawani.

Miezi ikapita. Siku moja Clarisse alifika shuleni macho yamevimba. "Mdogo wangu Manirakiza anatetemeka mikono. Kijiko kinamwanguka. Na maji tunachemsha, kambare wa bwawani tunakaanga vizuri."

Jioni ile Leonsia alikaa, akasimama, akakaa tena. Ndizi alizomenya zilikuwa tatu tu.

"Umekalia siafu?" aliuliza mama yake, Adelfina.

Leonsia akasema yote, akilia kwa aibu. Mama hakumchapa. Alimshika mkono wakaenda moja kwa moja kwa kina Clarisse.

"Shikamoo, mama," Leonsia alimwamkia mama yake Clarisse.

"Marahaba."

Leonsia alitafuta Kihangaza cha bibi yake. "Amazi mabi, maji ya bwawani ni mabaya," alisema. "Nilijua, nikamdanganya Clarisse."

Mama Clarisse aliimwaga ndoo ya maji ya bwawani pale pale. Kesho yake Kazimili, mganga wa zahanati, aliwaeleza kwamba moto huua vijidudu, lakini zebaki haifi kwa kuchemshwa. Manirakiza akapelekwa hospitali. Ilichukua muda mrefu, hata akaweza kushika kijiko bila kumwaga uji.

Tangu siku ile Leonsia huteka ndoo mbili, moja ya kina Clarisse. Kila akiitua, Clarisse huuliza, bila kucheka, "Amazi meza?" Leonsia hunywa kikombe kwanza.

"Mama, bado haniamini," alilalamika asubuhi moja.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alijibu Adelfina. "Ulielewa swali lake, ukamjibu uongo. Kumdanganya kulihitaji neno moja. Kuaminika tena kutahitaji ndoo nyingi, mwanangu. Haya, wahi foleni."