Wanja Katika Macho Makavu

Zamani, ukipita nyumbani kwa Bi Swabra alasiri, hapa kwetu Timbwani, harufu ya hina na mafuta ya mkaratusi ilikupokea njiani. Mkeka umetandikwa ukumbini, na bintiye Wardah ameushika mkono wa bibi harusi, anachora maua. Mkono wa msichana yule ulikuwa haujui kutetemeka, na maharusi wa Likoni walimgombania. Mimi jirani wa ukuta mmoja nilivisikia vicheko vyao, nami nikafurahi.

Raha ile imekwisha, na hasira zangu sitazificha.

Wardah alianza kutafuta michoro mipya kwenye simu. Si vibaya, kazi ni kazi. Lakini simu ikawa haitoki mkononi. Anakula nayo, anapika nayo, anajilaza mbele ya feni inayompulizia usoni huku amekodoa macho kwenye kioo, hapepesi. Mamake akiona anajisifu, "Mwanangu anasoma kazi yake." Kusoma gani huko, jamani, hata sufuria inaungua?

Macho yakaanza kumchoma kama yametiwa mchanga. Mara yamekauka, mara yanachuruzika machozi yenyewe. Yakawa mekundu.

Siku moja akaingia Bi Mwanarehema, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye naye hupaka hina na kwa hina hiyo amelea watoto wake. Akautazama mkono wa bibi harusi.

"Ewe Wardah, una mkono wewe!" akasema. "Lakini mbona macho yako mekundu hivyo, mwanangu? Hiyo simu huiweki chini?"

Alipotoka tu, Bi Swabra akanivuta pembeni.

"Umemsikia? Amemsifu mwanangu, na mashaallah hakusema!"

"Amesahau, Bi Swabra. Tena macho yalikuwa mekundu kabla hajaja."

"Hakusahau! Ana husuda yule, wateja wamemkimbia. Wallahi ndiye anayemla mwanangu."

Basi likawa ndilo neno. Alilipeleka sokoni, akalipeleka harusini, akalipeleka kisimani. Na nyinyi majirani mlilipokea! Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Mliokuwa mkila pilau kwa Mwanarehema mkaanza kuwaficha mabinti zenu akipita, na maharusi waliomwahidi wakavunja ahadi. Mwanamke wa watu akakaa ndani, hina yake ikamkaukia bakulini.

Nyumbani kwa Bi Swabra, tiba ikaanza. Dua siikatazi, dua ni kinga yetu sote. Lakini yeye alisaga wanja wa manga, ule wa jiwe, akauchanganya na marashi, akamtia binti yake ndani ya kope, asubuhi na jioni.

"Mama, yanachoma!" Wardah alilia. Niliusikia ukutani kilio chake.

"Yakichoma ndiyo husuda inatoka. Fumbua!"

Nilibisha hodi, nikamwambia ampeleke hospitali. Akaniuliza kama nami nimenunuliwa na Mwanarehema. Na Wardah mwenyewe, macho yamevimba, amefumba moja, kwa lile jingine anaangalia simu.

Haukupita muda, jicho la kushoto likakataa kufumbuka asubuhi. Lilipofumbuliwa kwa maji ya uvuguvugu, lilitoka usaha, na katikati ya mboni mna doa jeupe. Hapo ndipo Bi Swabra alipokumbuka kuwa kuna hospitali.

Nilikwenda nao. Daktari wa macho, dada mmoja aitwaye Carolyne, alilitazama jicho kwa utulivu, kisha akauliza, "Mmekuwa mkimtia nini?"

Bi Swabra akainamisha kichwa. Nikasema mimi.

"Mama," daktari akamwambia, "juu ya jicho kuna utando mwembamba wa machozi. Kila tukipepesa kope, tunautandaza upya. Mtu akikodolea simu, hapepesi vya kutosha, na utando unakauka. Ukavu huo tungeweza kuutuliza. Simu angeipumzisha, feni ingegeuziwa kwingine, na angepata matone ya kulainisha. Lakini chembe za wanja zimelikwaruza jicho kavu, likapata kidonda, na kidonda kikaingia vijidudu."

"Litaona?" Bi Swabra akauliza.

"Kidonda tutakitibu. Kovu litabaki."

Limebaki. Jicho la kushoto la Wardah huona ukungu tu. Wiki iliyopita alijaribu kumpaka hina binti ya shangazi yake. Mstari ukapita nje ya kidole, akaufuta, ukapita tena. Akaiweka hina chini.

Bi Swabra akaenda kwa Mwanarehema, akapiga magoti mlangoni. "Nimekukosea, ndugu yangu. Niwie radhi."

Mwanarehema akamwinua. "Mimi nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Sasa nenda kamwombe radhi mwanao."

Bi Swabra alirudi nyumbani. Wardah alikuwa ukumbini, juu ya ule mkeka, mikono mapajani. Mama alikaa mbele yake, akaishika mikono ile iliyokuwa ikichora maua.

FUNZO LA HADITHI HII

Ndugu zangu, macho makavu ni maradhi, si husuda ya jirani. Ukiwa na simu, iweke chini mara kwa mara, tazama mbali, pepesa kope, na feni isikupulize usoni. Macho yakichoma au yakiwa mekundu siku nyingi, nenda kwa daktari, na usitie jichoni chochote ambacho hukuandikiwa naye, hata kama bibi yako alikitumia. Nawe uliyebeba uvumi wa Bi Swabra, usijifanye umo nje ya hadithi hii. Nenda kamwombe radhi Mwanarehema kabla hujamwita ampake hina binti yako.