Kaunta Nyeusi

Tulifika kwenye uwanja wa wauza mawe giza likianza kuingia, mimi na mama mkwe. Ningependa kwenda peke yangu. Mume wangu ndiye aliyeshikilia kwamba mama yake awepo, maana jiko tulilokuwa tunalibomoa lilikuwa lake miaka yote kabla sijaolewa. Basi akaja vilevile alivyokuwa, kandambili miguuni, kitambaa cha jikoni begani.

Mimi nilishaamua. Granaiti nyeusi, ile inayong'aa mpaka ukijiona ndani yake unajipenda. Yeye alitaka mbao.

"Mbao ina joto, mwanangu. Kuna siku utachoka, utataka kuegemea."

"Mama, mbao inanyonya mafuta. Itanuka."

Akakiweka sawa kitambaa begani. Hakuwa mtu wa kubishana.

Mabamba ya mawe yalisimamishwa safu kwa safu, yameegemezwa kwenye vyuma. Msumeno ulikuwa umezimwa, lakini harufu ya vumbi lililolowa bado ilijaa puani. Fundi alisema anafuata taa, akatuacha. Ndipo nikasikia maji.

Chwaa... chwaa...

Mwishoni mwa safu mwanamke alikuwa akilimwagia bamba jeusi maji kwa kopo. Ndivyo wanavyofanya. Jiwe ambalo halijang'arishwa hulimwagia maji ili mteja aone rangi yake itakavyokuwa. Kwa hiyo sikushtuka. Nilichoshangaa ni kwamba kopo lilikuwa dogo, na maji hayaishi.

Mara nikasikia marashi mazito nyuma yangu. Alikuwa mke wa bosi wa mume wangu, kapendeza kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe na nyie mnakarabati," alisema. Macho yake yakashuka kwenye zile kandambili. "Umekuja na nani?"

Ulimi ukanitangulia.

"Msaidizi wangu wa kazi."

Mama mkwe alikuwa karibu, anapapasa jiwe. Mkono wake ukasimama. Hakugeuka. Mke wa bosi akatabasamu, akasogea kwenye vigae, na mimi nikabaki nimesimama huku uso unaniwaka.

Yule mwanamke wa maji akanijia. Alinuka udongo wa chini kabisa, ule unaotolewa kisimani.

"Usidanganye mbele ya jiwe lililolowa," alinong'ona. "Huyu mama ni nani kwako?"

Ningeweza kusema. Maneno mawili tu. Lakini mke wa bosi alikuwa palepale, anageuzageuza vigae, na nilijua masikio yake yako kwangu.

"Nimeshasema. Msaidizi."

Akamwaga kopo lote. Ndani ya weusi ule nikajiona mimi, na nyuma yangu mke wa bosi na vigae vyake. Mama mkwe tulikuwa naye bega kwa bega.

Hakuwamo.

Taa ikaja. Mwanamke hayupo. Bamba kavu, hata tone moja chini hakuna.

"Mwanamke gani?" fundi aliniuliza nilipomuulizia. "Hapa mawe tunayamwagia wenyewe."

Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini mke wa bosi akauliza nimechagua lipi, na mimi, kwa kuogopa kuonekana nimekuja kushangaa tu, nikanyoosha kidole kwenye lile lile.

Siku kadhaa baadaye, jioni kaunta ilipokwisha kufungwa, mume wangu alipitisha kiganja juu yake akaisifu. Mama yake akaja kuchukua sahani. Aligonga kwanza mlango, mlango wa jikoni kwake mwenyewe.

Alipotoka, mume wangu akashusha sauti.

"Huyu dada wa kazi mbona mzee hivi? Ulimpata wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ni mama yako," nikasema.

Akakunja uso, kama mtu anayetafuta jina lililokuwa mdomoni sasa hivi.

"Mama yangu alishafariki," akasema. "Nadhani..."

Tangu hapo, kila ikiingia jioni nalimwagia lile jiwe maji, nainama, nalinong'oneza: huyu ni mama mkwe wangu, ni mama wa mume wangu. Maji yanatiririka sakafuni. Jiwe linanionyesha mimi peke yangu. Nimerudi kule uwanjani, sikumkuta mwenye kopo. Nilimpigia simu hata mke wa bosi, nikamweleza ukweli. Akacheka. Akasema nina moyo mzuri sana, kumwita mfanyakazi mama.

Jana walikuja wageni. Nilipoingia jikoni nilimkuta amesimama karibu na mlango wa nyuma, sahani mkononi, anakula harakaharaka. Kiti kilikuwa pembeni yake. Nikapiga magoti palepale kwenye maji niliyokuwa nimelimwagia jiwe.

"Mama, nisamehe. Njoo ukae mezani na sisi."

Akaacha kutafuna. Akautazama mlango wa sebuleni, kisha akaniwekea kidole mdomoni, taratibu, kama anavyonyamazishwa mtoto.

"Usiniite hivyo, bosi," alinong'ona. "Wageni watasikia."