Kizibao cha Rangi ya Chungwa

Ndugu zangu, majirani zangu, na nyinyi wa pale saluni mnaojijua: tulieni, kisa hiki ni chenu. Mimi ni mwoka mikate wa pale kona. Mnanifahamu, na mkate wangu mnaula hata siku mnazonisema. Nimenyamaza tangu kiangazi kilichopita kwa sababu mwenye kisa alikuwa bado hajasimama. Sasa amesimama, na ameniambia, "Shoga, waambie. Usiwabakizie."

Kwanza mtuone tulivyokuwa. Jumamosi mchana, kazi zimekwisha, jua limetulia juu ya vilima vilivyo nyuma ya mji. Tunapanda na baiskeli zetu zenye matairi mapana ya meno, jasho linatuingia machoni, hakuna anayetuita, hakuna anayetutuma. Juu ya vilima kuna nyika pana isiyo na mti hata mmoja. Ni nyasi ndefu za kahawia, vichaka vya kufika magotini, na hapa na pale udongo mweusi unaobaki umelowa hata jua liwake namna gani. Ukifika pale upepo unakupiga kifuani na unacheka bila sababu. Mimi hushinda nikivuta hewa ya tanuri wiki nzima, kwa hiyo najua ninachokisema.

Tulikuwa wanne. Posta, ambaye hugawa barua na anazijua njia zote, hutangulia. Mwalimu hufundisha hesabu na hajui kufunga mdomo hata kwenye mlima, yeye humfuata. Kisha mimi. Nyuma kabisa huja mshonaji, tuliyembandika jina la Breki, maana kila mteremko yeye huzibana breki mpaka zinalia kama mbuzi. Tukimtania hujibu, "Tangulieni tu. Mkichanika nitawashona."

Na kweli alitushona, kwa namna yake. Nyika ile ina ukungu unaoshuka ghafla, hata kiangazi, na mtu aliye hatua chache kutoka kwako haonekani. Kwa hiyo Breki alitushonea sote vizibao vya rangi ya chungwa, ile inayoumiza macho. Rangi ilichaguliwa na mumewe, Fundi Rangi, anayepaka nyumba zenu. "Hii itaonekana hata na kipofu," alisema. Kwa kuwa Mwalimu alikuwa kila mara anasahau filimbi yake nyumbani, Breki alishonea kila filimbi kwenye kizibao chenyewe, kifuani, kwa uzi wa kiatu. Ukivaa kizibao, umevaa filimbi. Wa mbele akipiga, sisi wengine tunaitikia mmoja mmoja hadi wa mwisho. Asipoitikia mtu, wote tunasimama. Na hakuna kupanda bila kizibao. Hiyo ndiyo sheria yetu na hatujawahi kuivunja, isipokuwa siku moja.

Sasa aingie wifi yake. Huyu ni dada mkubwa wa Fundi Rangi, mwenye saluni, na ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki. Mdogo wake huyo hadi leo akimwona huficha mikono kama ana uchafu kwenye kucha. Jumamosi moja Wifi alikuwa akirudi na gari la mizigo ya saluni kwenye barabara inayopita kando ya nyika. Akamwona Breki, amelowa jasho, anacheka, mbele yake wanaume wawili. Mimi pia nilikuwepo, lakini mimi sikuonekana! Ajabu ya macho ya watu. Kufikia Jumatatu, kila aliyekaa kwenye kiti cha saluni aliondoka na nywele mpya na habari mpya.

Jumanne nilipita kwa Breki kuchukua aproni yangu. Chumba chake cha kushonea kiko nyuma ya nyumba, cherehani iko dirishani, vipande vya nguo hadi chini ya meza. Fundi alisimama mlangoni na makopo yake mkononi, hakuingia wala hakutoka.

"Mke wangu," alisema, "mimi sikukatazi. Unajua sikukatazi. Ila watu wanasema."

Breki hakuinua macho. "Watu gani?"

"Watu tu."

"Hao Watu Tu wanakaa mtaa gani? Nikawasikilize wenyewe."

Nikacheka. Fundi hakucheka. "Dada amekuja kazini kwangu, mbele ya vibarua. Ameniambia nimemwachia mke uwanja. Nimekosa pa kuuweka uso wangu."

"Basi wewe unatakaje? Niache?"

Akayaweka makopo chini yule mwanamume. Anampenda mkewe, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo nikikanda unga. "Usiache. Nenda tu. Ila usionekane."

Jumamosi iliyofuata Breki alitokea nyuma ya ghala la mbao badala ya kupita barabara kuu. Alikuwa amevaa koti la kazi la mumewe, koti kuukuu lililofifia likawa na rangi ileile ya nyasi kavu. Kizibao kilikuwa chini kabisa ya begi lake. Majirani alikuwa amewaambia anakwenda kumpima mteja.

"Kizibao kiko wapi?" nikamuuliza.

"Nitavaa tukishaiacha barabara. Leo ni siku ya Wifi kuleta mizigo."

"Barabara inatufuata mpaka ukingoni kule, shoga. Vaa. Akikuona akuone."

"Wewe huli naye sikukuu," alinijibu, na sauti yake ilikuwa kali. "Wewe humpikii chai akiwa anakukagulia sakafu. Niache. Ikipigwa filimbi nitaitikia kwa mdomo."

Posta alikunja uso, Mwalimu akaanza hotuba, lakini Breki alishapanda baiskeli. Twende, tukaenda.

Mara za kwanza aliitikia vizuri. Posta anapiga, Mwalimu anapiga, napiga mimi, kisha nyuma yangu nasikia, "Nipo!" Tulipofika katikati ya nyika ukungu ukashuka. Haukubisha hodi. Posta akapiga. Tukaitikia. Nyuma yangu kimya, ni upepo tu.

Tulisimama. Tukadhani upepo umebeba sauti yake. Tukamsubiri, tukimtania bado, kwamba leo breki zimegoma kuachia. Hakutokea. Tukageuza, tukarudi tulikotoka tukipiga filimbi na kuita mpaka koo zikakauka. Kwenye ule udongo mweusi tuliona alama ya tairi lake inatoka njiani, halafu nyasi zimeimeza. Hapo Mwalimu alinyamaza, na ukimya wa Mwalimu ndio ulionitisha.

Kule juu simu haishiki. Posta akateremka mbio hadi mtandao uliporudi, akampigia Fundi. Haya ya nyumbani nimeyapata kwa Fundi mwenyewe, hakujificha. Simu ilimkuta sebuleni na dada yake, aliyekuwa ameshashusha mizigo ya saluni.

"Mke wangu yuko nyikani," alisema akisimama. "Amepotea, hawamwoni."

"Kaa chini," Wifi akasema. "Huyo atarudi. Ukitoka na kelele sasa hivi mtaa mzima utajua alikuwa wapi na nani. Subiri giza liingie, uende kimyakimya na watu wawili wa kuaminika. Tusijianike."

Na alikaa! Ndugu zangu, alikaa. Kiangazi kile joto la mjini lilikuwa la kuvua shati, lakini kule juu ukungu ukishuka baridi yake inaingia hadi kwenye mifupa. Mkewe amelala huko, na yeye amekaa kwenye kochi kwa sababu ya Watu Tu. Alisema aliangalia meza ya kushonea kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, akaona kile kibweta cha uzi wa kiatu, akawaza, filimbi anayo, wataisikia. Halafu akakumbuka koti lake halipo msumarini. Akaelewa amevaa nini, na ni nani aliyemvisha.

Alitoka. Hakuchukua watu wawili wa kuaminika. Alisimama katikati ya barabara kuu, mbele ya saluni, Jumamosi, wateja wamejaa mpaka nje, akapiga kelele kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. "Mke wangu amepotea nyikani na baiskeli yake! Nani ana tochi? Nani ana gari?" Wifi, aliyemfuata mbio, alimvuta mkono. Akautoa mkono wake.

Mlikuja. Nitasema haki: mlikuja wengi, na wengine ni walewale waliokuwa wakisema.

Tulijipanga mstari, tukaipita nyika ile tukiita. Ukungu ulianza kupungua jua likiwa linazama, na kila kitu mbele yetu kilikuwa kahawia. Nyasi kahawia, vichaka kahawia, mawe kahawia. Nilijisikia kulia kwa hasira. Kizibao kimoja tu cha rangi ile ya kuumiza macho, tungekuwa tumemaliza kazi kitambo.

Ni Fundi aliyemwona. Hakuona koti. Aliona doa jeupe dogo kwenye korongo, chini ya kichaka, akasimama ghafla akasema, "Lile doa ni langu. Ile ni rangi ya dari la shule." Lilikuwa tone lililoangukia kiwiko cha koti alipokuwa kazini. Akateremka korongoni kwa makalio, akifuata doa lake.

Breki alikuwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, midomo imebadilika rangi, meno yanagongana. Begi lenye kizibao na filimbi lilirushwa alipoanguka, likanasa kwenye kichaka upande wa pili, akaliona muda wote na hakuweza kulifikia.

"Mlinipita mara mbili," aliniambia. Sauti ilikuwa haipiti hapo nilipopiga magoti. "Niliviona viatu vyako, shoga. Nilikuita. Upepo."

Fundi alimkumbatia akalia mbele ya mtaa mzima, kwa kamasi, kama mtoto. "Mimi ndiye niliyekuambia usionekane," alisema. "Mimi."

"Na nilikutii," Breki akamjibu. "Umeona nilivyokutii?"

Tulimteremsha kwenye turubai lake Fundi la kutandika sakafuni, watu sita wakibadilishana pembe. Hospitali walisema angechelewa zaidi kidogo, baridi ingemmaliza kabla ya mguu.

Sasa mngedhani mmejifunza. Wapi! Breki akiwa bado na plasta, saluni ilishatoa hukumu: ameonyeshwa, sasa atatulia nyumbani. Eti baiskeli ndiyo iliyomvunja. Wengine walikuja na maneno hayo hadi kitandani kwake, wamebeba matunda. Aliyala matunda. Maneno aliwarudishia mlangoni.

Mguu umepona ukiwa mfupi kidogo, hilo halirudi. Anachechemea, na pedali ya cherehani sasa anaikanyaga kwa mguu wa pili. Kiangazi hiki kilipofunguka alikata kitambaa kipya cha chungwa, akashonea filimbi mbili, moja ya akiba. Fundi alishusha baiskeli ya mkewe kutoka kwenye dari la stoo, akaipiga msasa, akaipaka rangi ileile ya chungwa, tabaka mbili za rangi, mpaka inang'aa. Aliifanyia kazi hiyo uani mbele ya nyumba, geti likiwa wazi.

Jumamosi iliyopita hatukupita nyuma ya ghala la mbao. Tulipita barabara kuu saa ya watu wengi, sisi wanne mstari mmoja, tumewaka machungwa matupu. Mbele ya saluni Breki akabana breki zake. Zikalia kama mbuzi. Akapiga filimbi, wote wakatoka, wengine na rangi ya nywele inawatiririka shingoni.

Wifi alisimama mlangoni na kitana mkononi.

"Wifi," Breki akasema, "umeniona?"

Wifi akakishusha kitana. "Nimekuona."

"Umeniona na nani? Naelekea wapi?"

"Na hao wenzako. Mnaelekea nyikani."

"Vizuri sana. Nikipotea leo, utakuwa na pa kuanzia kunitafuta."

Akaachia breki, tukaondoka.

Mafunzo

Msiniambie kwamba funzo la kisa hiki ni wanawake wakae mbali na baiskeli. Baiskeli haikumficha mtu. Mteremko ule Breki ameushuka mara nyingi akiwa salama, na kama angeanguka akiwa na kizibao kifuani tungemfikia chai yake ikiwa bado ya moto kwenye chupa. Kilichokaribia kumuua ni ule woga wa "watu watasema nini." Woga huo ulimvisha koti la nyasi, ukamnyang'anya filimbi, ukamkalisha mumewe kwenye kochi mkewe akiganda.

Enyi waume, anayekupenda usimwambie ajifiche ndipo awe na amani. Siku akipata shida utamtafuta mahali ulipomfundisha asionekane. Enyi dada, msivue kinachowalinda ili mdomo wa mtu upumzike. Mdomo ule haupumziki. Nanyi wa saluni, macho yenu ni makali na tunayahitaji. Yatumieni kuangaliana kwa kulindana. Mwenye furaha yake juani hamkosei mtu.

Jumamosi hii tunapita tena, saa ileile, njia ileile. Tuangalieni vizuri. Tuhesabuni tukienda, na mtuhesabu tukirudi.