Nungu Hana Mashabiki

Siku mbili kabla shule kufunguliwa, duka la sare la Mzee Hemedi pale mjini Wote huwa kama mzinga uliopigwa teke. Wazazi walisukumana, watoto walilia, na katikati yao alikuwa kijana mmoja aitwaye Kaloki, akitafuta macho.

Ndiyo, macho. Alitaka vifungo viwili vyeusi, vikubwa, vya kumshonea kikaragosi mpya. Kaloki aliandika skripti za *Kisimani*, kipindi cha televisheni cha watoto kilichorekodiwa kwenye ukumbi mmoja hapo hapo Wote, ambamo wanyama wa vitambaa hukutana kisimani kuchota maji na kugombana.

"Sitaki! Ni kubwa!" alilia msichana wa miaka sita hivi, sweta ya kijani ikimfika magotini. Mama yake alikuwa ameishiwa na maneno, amebaki na kiganja tu.

Kabla kiganja hakijatua, dada wa kaunta aliinama, akapenyeza mkono wake ndani ya mkono wa sweta nyingine. Kitambaa kikajikunja kikawa mdomo. Mdomo ukasema kwa sauti ndogo, yenye mikwaruzo na aibu nyingi:

"Samahani... hata mimi ni kubwa. Hakuna mtu ananitaka. Naweza kukaa na wewe mpaka urefuke?"

Msichana akanyamaza. Akaunyooshea ule mkono wa sweta kidole, akauliza, "Unakula nini?"

"Makombo ya mandazi," sauti ikajibu. Sweta ikauzika.

Kaloki alisahau macho ya kikaragosi, yake yakapata kazi. Dada alivaa rinda la manjano, futi ya fundi imening'inia shingoni kama mkufu wa bibi harusi, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kuliko barabara za kwetu.

"Dada, hiyo sauti unauza?"

"Hapa tunauza sweta. Sauti haitoki dukani."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe anaitwa Mumbua, na nyuma yako kuna foleni."

Foleni ilisubiri. Na wiki tatu baadaye Mumbua alikuwa ukumbini, mkono wake umo ndani ya Nungu, nungunungu mwoga mwenye miiba ya njiti za ufagio.

Sasa, pale ukumbini kulikuwa na ubao. Madam Kanyiva, mwongozaji, mama wa miwani na maneno machache, aliandika juu yake jina la kila kikaragosi, idadi ya sentensi zake wiki hiyo, na jumbe za watoto waliomuulizia. Juu kabisa alikaa Punda Bosi, aliyechezwa na Musyimi. Huyo punda, watoto wa Makueni mpaka Kitui walivaa tisheti zake. Chini walikaa wengine, kila mmoja akinyatia nafasi yake. Na sheria ilikuwa moja: kikaragosi asiyeuliziwa na mtoto hata mmoja kwa vipindi vinne anaingia kwenye sanduku la bati. Humo Chura na Kinyonga walikuwa wamelala tangu mwaka jana. Na waliowachezesha walikwenda nyumbani, kazi imekwisha.

Kugawa sentensi ndiyo iliyokuwa kazi ya Kaloki. Ni kama kugawa nyama harusini: aliyepewa paja hashukuru, aliyekosa hasahau.

Mapenzi ya Kaloki na Mumbua nayo hayakungoja ubao. Jioni simu ilikuwa haipoi.

"Nungu wangu, umekula?"

"Nimekula muthokoi. Wewe je, umekula maneno?"

"Nimekumeza wewe mzima mzima."

"Angalia miiba basi, mwendwa wangu."

Mtu akipenda, mkono huandika wenyewe. Wiki ile Nungu alipata sentensi kumi na nne. Musyimi akasimama mbele ya ubao, akashika kiuno.

"Asi! Nungu amepandishwa cheo. Jamani, hapa kuna mtu anaandika skripti ama barua ya mapenzi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mumbua mwenyewe alicheka. Kaloki peke yake ndiye aliyehisi masikio yakiwaka moto. Yeye, mtoto wa mzee wa kanisa, mwandishi aliyejisifu kila siku kwamba hana upendeleo, ameshikwa mchana kweupe! Jioni akampigia Mumbua. "Mpenzi, kazini tusionekane pamoja. Tuheshimu kazi."

"Sawa," Mumbua akasema. Alidhani kweli ni heshima.

Ndipo Kaloki akachukua kalamu. Kumi na nne zikawa sita. Sita zikawa mbili. Kipindi cha tatu Nungu alisema "Eeh." Cha nne alikohoa tu, na hata kikohozi chenyewe Kaloki alikifikiria mara mbili.

"Kaloki," Mumbua akauliza kwenye simu, "ni nani ananikata?"

Ukweli uliogopa kutoka.

"Ni Madam," akasema. Uongo uliteleza kama chapati ya mafuta.

"Basi kesho nimuulize kosa langu."

"Usimuulize! Utamkasirisha. Niachie mimi niongee naye."

"Asante, mwendwa. Ningekuwa peke yangu pale bila wewe."

Simu ikakatika. Kaloki angeweza kumpigia tena saa ile ile. Hakupiga.

Jumatatu, mkutanoni, Madam Kanyiva alishika chaki. "Vipindi vinne, hakuna mtoto ameuliza. Nungu anaingia sandukuni."

Mumbua akasimama, Nungu angali mkononi. "Madam, kwa heshima, naomba kujua kosa langu. Tangu uanze kunikata..."

"Mimi?" Madam alivua miwani. "Sijakukata hata nukta. Nilimuuliza Kaloki mara mbili kwa nini Nungu amenyamaza. Akaniambia Nungu hana mashabiki."

Vichwa vyote viligeuka. Kaloki akakiangalia kiatu chake cha kushoto, akagundua kina tundu, akatamani kuingia humo.

"Na hao mashabiki," Mumbua akauliza polepole, "angewapata wapi akiwa amezibwa mdomo?"

Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alimvua Nungu kidole kimoja kimoja, akamlaza mezani kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, akatoka.

Kaloki alipiga simu mara tisa. Mteja hapatikani. Musyimi akamkuta ameinamia meza.

"Ndugu, mimi nilikuwa nakutania tu. Ulikuwa unamficha nani? Kila mtu anajua mnapendana. Hata mlinzi anajua. Hata mama wa chai anawawekea vikombe viwili karibu karibu."

Hapo ndipo aibu ilipomshika sawasawa. Alikuwa amemchinja mtu ili kuficha siri ambayo haikuwepo.

Jumamosi alikwenda Tawa, nyumbani kwa Wavinya, shangazi aliyemlea Mumbua. Alimkuta Mumbua uani anapepeta pojo, leso iliyopauka kiunoni, kitambaa kichwani, uso hauna mlango.

"Umekuja na uongo gani leo?"

"Sina. Nimekuja kuomba msamaha. Ni mimi niliyekukata. Kisha nikamsingizia Madam."

"Hilo najua. Nataka kujua sababu."

"Niliona haya. Walinicheka."

"Walitucheka. Mimi nilicheka nao." Aliutikisa ungo, maganda yakaruka na kumtua Kaloki kwenye shati jeupe alilopiga pasi mara mbili. "Aibu uliiona wewe, lakini hukujikata wewe. Ulinikata mimi. Nilipokohoa pale kama mbuzi mgonjwa, ulikuwa nyuma ya kamera unaniangalia. Ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa siangalii," Kaloki akasema.

Sauti ya Wavinya ikatoka jikoni. "Mumbua! Huyo mgeni anakunywa chai ama anapigwa?"

"Bado tunaamua, aunti!"

Pembe ya mdomo wake ilitikisika kidogo, ikajizuia.

"Sikiza. Sirudi kwa huruma. Usinirudishie Nungu na sentensi ishirini, watoto si wajinga. Nenda useme mbele ya ubao, Musyimi akiwepo, ulifanya nini na kwa nini. Baada ya hapo tutaona kama nitashika simu yako."

"Mbele ya Musyimi?"

"Ama unataka nimwite na mlinzi?"

Jumatatu alisimama mbele ya ubao, akasema. "Nungu hakukosa mashabiki. Nilimziba mdomo mimi, kwa sababu nampenda Mumbua na niliogopa kuchekwa. Halafu nikamwambia ni Madam." Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Musyimi, mtu wa kutania hata matangani, alikuwa anaangalia dari.

"Kijana," Madam Kanyiva akasema, "ningekufuta leo. Lakini mwandikie Nungu kipindi kimoja. Nikinusa upendeleo, nakutia sandukuni wewe na Nungu, na miiba yenu."

Aliandika siku tano. Kila alipompa Nungu maneno mengi, Nungu aligeuka mhubiri. Alipomnyima, alirudi kukohoa. Siku ya tano akamgeukia Punda Bosi, yule wa tisheti, akamwacha na sentensi zake zote na majigambo yake yote, ila akampa siri: anaogopa giza, na anaona haya kusema. Nani kisimani angemuuliza pole pole? Ni mmoja tu, aliyewahi kuogopa. Nungu alipata sentensi tano. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuzisema.

Kaloki alituma skripti Tawa bila neno la ziada. Kesho yake simu ikaita.

"Sentensi ya nne ni mbaya," Mumbua akasema. "Nungu hawezi kusema 'usijali'. Yeye hujali."

"Badilisha."

"Nimeshabadilisha. Rekodi ni saa ngapi?"

Watoto wa shule moja ya Kasikeu walikaa sakafuni siku ile. Punda Bosi alipotoboa siri yake, Nungu akasogea taratibu, akamwambia, "Mimi pia. Tukae karibu, lakini si karibu sana, nitakuchoma." Watoto walicheka, kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Mimi pia, Nungu." Mikono mingine ikainuka. Musyimi, chini ya meza ya vikaragosi, alimgusa Mumbua kwa kiwiko ili ajibu.

Baadaye, ubaoni, Punda aliendelea kuongoza. Lakini mbele ya jina la Nungu hakukuwa tena na sifuri.

Mumbua alimkuta Kaloki nje, kivulini mwa ukuta.

"Nimekusamehe nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Iko Tawa. Mimi si mtu wa kufichwa, Kaloki. Kama unanitaka, leta kwetu mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea. Usiwalete kwa gari. Uwatembeze, siku ya soko, saa sita mchana, katikati ya soko."

"Peke yangu?"

"Na wazee wako nyuma. Kamba ushike wewe."

Basi siku ya soko Tawa iliona kioja. Kijana wa suti ya buluu na wazee nyuma yake, mbuzi watatu, kamba zimemzunguka miguu; mmoja amekaa chini amekataa kabisa, mwingine anatafuna kabichi ya watu. Kina mama waliacha mizani.

"Wewe kijana!" akaita muuza nyanya, akicheka mpaka machozi. "Na hao mbuzi mnaenda kwa nani?"

Masikio yalimwaka vilevile, moto uleule. Kaloki akavuta pumzi.

"Kwa kina Mumbua!" akasema, soko zima likasikia.