Chupa Tupu ya Nambari Nane

Saa tatu asubuhi Mkuu wa shule alifungua kabati la elementi, akakuta pengo safu ya pili. Nambari nane, oksijeni, haipo. Chupa yenye kipande cha fedha ipo, ya shaba ipo. Mwizi kaacha vya kuuzika, kaondoka na chupa tupu.

"Kopo!" aliunguruma.

Mtunza maabara aliitwa Kopo kwa kuwa haoni kopo wala chupa njiani akaipita.

"Funguo unazo wewe, chupa unaokota wewe. Isipopatikana kabla ya adhuhuri, kazi huna."

Bahati ya Kopo, wanafunzi wa zamani walikuwa wamekuja kuiaga maabara kabla haijabomolewa, na mmoja wao alikuwa Inspekta mstaafu. Ila chumba kile hakikumjua kwa cheo. Enzi zao kila mwanafunzi alipewa elementi yake aitafute, aitie chupani, aibandike jina. Na jina likamganda mwenyewe. Yeye alikuwa Zebaki, maana hakuna mwalimu aliyeweza kumtuliza kwenye kigoda.

Alipiga magoti mbele ya kabati, nayo magoti yakalia kama bawaba zake. Sakafuni, chini ya pengo, palikuwa na njiti ya kiberiti iliyoungua na tone la manjano. Alilikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Nta ya nyuki," alisema. "Jana waliingia nani?"

"Wenzako wawili, Shaba na Risasi," Kopo alijibu. "Niliwaacha humu, kabati wazi, nikaenda kuchota maji. Mkuu kaagiza chupa zote zioshwe leo kabla ya kuhamishwa, tuanze na zilizo tupu."

Shaba, muuza vyuma chakavu, alishika kitambi chake. "Zebaki, mimi niache fedha niibe hewa? Si ningefilisika zamani!"

"Kweli. Wewe ungebeba kabati zima."

"Na misumari yake!" Alicheka, kisha akapunguza sauti. "Unakumbuka marehemu mwenzetu wa nambari nane alivyoijaza ile chupa? Kapuliza tu, kaziba. Mwalimu akamwambia, 'Binti, humo kuna naitrojeni tele, oksijeni kidogo, na kiburi chako chote.'"

Wakacheka wote, kicheko kikaishia njiani.

Nyuma kabisa, kwenye kigoda chake cha ujana, alikaa Risasi, fundi viatu, mzito wa mwendo tangu utoto. Mfuko wake wa kazi ulikuwa mapajani.

"Risasi, uzi wa viatu unaupaka nini siku hizi?"

"Nta. Ileile ya siku zote."

"Ya nyuki?"

Risasi aliuvuta mfuko karibu na kifua.

"Mwizi wetu kayeyusha nta akazibia kizibo vizuri ndipo akaondoka," Inspekta alisema taratibu. "Nani anaogopa hewa isivuje? Ni yule ambaye kwake chupa ile si tupu."

"Somo la kwanza kabisa," Risasi alinong'ona. "Hewa ni maada. Ina uzito, inachukua nafasi." Akafungua mfuko. Chupa ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa laini cha kung'arishia viatu. "Mwenye chupa hii kaniita mume mzembe maisha yetu yote. Tangu tumzike, nyumba imenyamaza. Halafu nasikia wanataka kuiosha. Pumzi yake, Zebaki! Waimwage kwenye sinki?"

"Na mimi je?" Kopo aliuliza. "Mimi ningekula nini?"

Risasi alinyanyuka, kwa mara ya kwanza haraka. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani watasema imevunjika tu. Mkuu, kosa ni langu, niandike mimi. Huyu hana hatia."

Mkuu alijikohoza. "Kopo, kazi unayo. Nimekukosea." Akaitazama ile chupa mikononi mwa Risasi, asinyooshe mkono kuichukua. "Lakini nambari nane sasa naweka nini?"

Kopo aliingiza mkono kwenye gunia lake, akatoa chupa safi inayometa. Inspekta akaipokea, akampa Risasi.

"Puliza."

"Itakuwa naitrojeni tele."

"Na uzembe wako wote," Shaba alisema.

Risasi alicheka huku machozi yakimtoka, akavuta pumzi, akapuliza kwa muda mrefu. Inspekta alikuwa tayari na kizibo.